Alama Mbili kwa Gaudens

Richfield, Minnesota
5 Oktoba 2003

Mpendwa Shangazi Paskazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepunguza kelele. Mimi sijambo. Baridi imeanza kubisha hodi na majani ya miti ya mtaani kwetu yamegeuka mekundu na ya njano, mazuri kutazama, mabaya kufagia. Nisalimie baba. Najua hatajibu, lakini mwambie hivyo hivyo.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ya namna gani, maana ulimwambia padre kwamba nasahihisha mitihani naye akataka kujua ni ya darasa la ngapi. Si ya darasa lolote. Kuna kampuni ya utafiti huko Eden Prairie inayopima jinsi watu wazima wanavyofikiri. Watu wanapigiwa simu, wanaulizwa maswali, na majibu yao yanaandikwa neno kwa neno. Sisi tunayasoma kwenye kompyuta na kuyapa alama: sifuri, moja au mbili. Hakuna kuchagua A wala B. Mtu anaulizwa, kwa mfano, ngoma na kengele vinafananaje. Mwongozo unasema akijibu kuwa ni ala za muziki, apewe mbili. Akisema vyote vinatoa sauti, moja. Vinginevyo sifuri.

Sasa mzee mmoja akajibu, "Vyote hukuambia kuna mtu amekufa." Shangazi, nilimpa mbili bila kupepesa macho! Jirani yangu wa mezani, Jeptoo, Mkenya wa Eldoret, alimpa sifuri. Kila jibu husahihishwa na watu wawili wasiooneshana alama, na wakipishana jibu hupelekwa kwa msimamizi. Jeptoo alinicheka: "Ai, Imelda, wewe unagawa marks kama peremende. Hiyo ni zero, wacha huruma." Msimamizi naye ameniambia, huku anatabasamu, kwamba nikizidi kupishana na wenzangu nitarudishwa kwenye mafunzo.

Jambo lenyewe hasa ni hili. Yule kijana niliyekutajia, Gaudens, mhasibu, niliyekutana naye kwenye misa ya Kiswahili, amewaandikia watu wake wa Kiziba. Baada ya Krismasi baba yake mkubwa, Mzee Vedasto, atakuja kwenu kama mshenga. Shangazi, nakuomba kwa magoti yote mawili, usiwatishe.

Ni mimi mwanao,
Imelda


Rubya, Muleba
2 Novemba 2003

Mwanangu Imelda,

Marahaba. Goti bado lina kelele, ila tumezoeana. Baba yako nimempa salamu, akakohoa. Hilo ndilo jibu lake. Binamu yako Adventina amejifungua mtoto wa tatu, wa kiume, mwenye sauti ya mnadi samaki. Kahawa imekataa bei na mvua imekubali, kwa hiyo tuko sawasawa.

Mzee wako wa ngoma na kengele ana akili, na ulivyompa mbili umenifurahisha. Lakini huyo Jeptoo naye usimlaumu. Nilisahihisha madaftari miaka mingi na najua mwalimu anayefuata mwongozo hulala usingizi. Linalonishangaza ni jingine. Mnampimaje mtu ambaye sauti yake hamkuisikia? Mimi darasani nilijua mtoto anajua au anabahatisha kabla hajafika katikati ya sentensi. Ninyi mnapewa maneno matupu, kama mtu aliyeletewa maganda akaambiwa aseme ndizi ilikuwa tamu kiasi gani.

Na Kiziba! Ina maana wanaume wa hapa kwetu Ihangiro wameisha? Haya, waje. Baba yako ameniachia kazi ya kuuliza, kama kawaida. Nitawauliza maswali matatu, yale yale niliyowauliza waliokuja kwa Adventina na kwa dada zake. Wanaojibu vizuri hula. Wasiojibu pia hula, lakini hawapewi mtoto.

Magoti yako yapumzishe.
Shangazi yako


Richfield
28 Novemba 2003

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hongera nyingi kwa Adventina, na huyo mnadi samaki mbusu kwa niaba yangu. Jana huku ilikuwa sikukuu yao ya kula bata mzinga. Tulikula kwa Mama Wema huko Burnsville. Ni Mpare wa Usangi, muuguzi, mwanamke wa kusema na kutenda. Bata alimtia pilipili hadi majirani Wamarekani wakaomba maji.

Kazini mambo yamechangamka. Wiki iliyopita niliona kitu. Kuna swali linalouliza kwa nini mtu atimize ahadi yake, na watu wengi wasiojuana, wa miji tofauti, walikuwa wamejibu kwa sentensi ile ile, nzuri, safi, iliyofanana mno na ile ya kwenye mwongozo. Nikampelekea msimamizi. Kumbe wote walipigiwa simu na mwulizaji mmoja! Alikuwa anawahurumia, akawa anawadokezea. Majibu yote yametupwa, ya kweli na ya kufundishwa, kwa kuwa sasa hakuna awezaye kuyatenganisha. Niliwasikitikia wale waliokuwa wanajua wenyewe. Msimamizi amenisifu mbele ya watu, na Jeptoo amesema sasa nina macho ya polisi.

Gaudens ni mzima. Jioni hizi za baridi tunakaa tunasimuliana ya utotoni. Nilimsimulia jinsi mimi na Adventina tulivyojificha nyuma ya pazia, tukisikiliza wageni wakihangaika na maswali yako. Alicheka sana, na siku ya pili akaniomba nimsimulie tena, polepole.

Nina hakika Mzee Vedasto atakuja amejiandaa vizuri.

Akupendaye,
Imelda


Rubya
4 Januari 2004

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikuwa na mbuzi, na baba yako alisema maneno mengi, kama manane hivi. Goti lilinisamehe, nikacheza.

Watu wa Kiziba walikuja Jumamosi baada ya Krismasi. Wanaume watano, kanzu nyeupe, makoti meusi, na rubisi ya ndizi ya kutosha. Tuliwapa kahawa ya kutafuna, wakatafuna kwa adabu. Mzee Vedasto ni mtu mwenye sura ya heshima, sina la kumsema hapo. Ila tangu anaingia midomo ilikuwa inatembea peke yake, nikafikiri anasali.

Barua yako ya huyo mwulizaji mwenye huruma ilinifika siku chache kabla, na ilinifurahisha sana. Nikasema, basi na mimi mwaka huu nibadilishe mpangilio kidogo, mtu asizeeke na jambo moja. Wewe unakumbuka huwa naanza na la mgeni na mvua. Safari hii nilianza na la moto.

Nikamwuliza, "Mzee Vedasto, nyumba ikiungua, utatoa nini kwanza?"

Akanyoosha mgongo, akakohoa, akasema kwa sauti ya misa kuu: "Vyote viwili, ukivinung'unikia havirudi."

Wenzake wakatazama viatu vyao. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikamshukuru. Nikauliza la pili: "Na mgeni na mvua, vinafananaje?"

Akajibu: "Mke wangu, maana yeye ndiye anayejua vingine viko wapi."

Imelda, baba yako alitoka nje. Alisema anaangalia mbuzi. Mbuzi tulikwisha kumla.

La tatu, la mke na mama waliopika siku moja utakula kwa nani, hilo sikulihamisha, na alilipata vizuri sana: kwa mama kidogo, kwa mke mpaka nishibe. Ni jibu lile lile, neno kwa neno, alilolitoa mshenga wa mume wa Adventina, wa huko Karagwe. Na hayo mengine mawili pia ni yake yule, ila yamebadilishana viti. Dunia ina maajabu, watu wa Kiziba na watu wa Karagwe kuwaza mamoja hivyo.

Tuliwalisha, wakashiba, tukawasindikiza hadi barabarani. Tumewaambia tutawaita. Hatujasema lini.

Baridi ikuhurumie.
Shangazi yako


Richfield
1 Februari 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Huku theluji imefika kwenye madirisha ya magari na asubuhi tunayafukua kama viazi. Mimi nina mafua kidogo. Mama Wema ananiletea tangawizi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mzee Vedasto ni mtu mzima, Shangazi, na safari ya kutoka Kiziba ni ndefu. Labda alichoka. Labda masikio yake si mazuri. Kuna watu wenye akili nyingi ambao wakiulizwa mbele za watu wanachanganyikiwa. Hata huku kazini tunawaona. Jibu la mtu lisipokaa mahali pake, haina maana mtu mwenyewe hafai.

Gaudens hali chakula vizuri. Nilimsomea ile sehemu ya mbuzi akacheka, kisha akaniuliza mara mbili kama neno "tutawaita" kwa Ihangiro lina maana ile ile kama kwa Kiziba. Sikumjibu, kwa kuwa naogopa maana yake ni ile ile.

Kazini nimerudishwa kwenye mafunzo kwa siku mbili. Nilimpa mbili mama mmoja aliyesema meza na kiti vinafanana kwa kuwa kimoja peke yake hakitoshi.

Tafadhali niambie ukweli. Amepata alama ngapi? Maana mimi, Shangazi, nampenda huyu mtu, na siwezi kuolewa kwa kukuruka wewe.

Imelda wako


Rubya
25 Februari 2004

Imelda mwanangu,

Pole na mafua. Tangawizi ni dawa, ila itiwe asali. Hapa Adventina amekuja na mnadi samaki wake, hakuna anayesikia lolote, na baba yako ameona raha kwa kuwa hakuna anayemwuliza neno.

Umeuliza alama. Nimempa sifuri. Si kwa sababu majibu yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri sana yalipokuwa ya mwenyewe. Wala sitauliza nani alimfundisha nani. Mwenye kuuliza kila kitu hujibiwa uongo mwingi, nami nakupenda, sitaki kukutia katika uongo.

Sasa nikwambie kinachoninyima raha, maana umenikosesha usingizi na nami nina haki ya kukukosesha wako. Hapa Rubya mke akichoshwa na mumewe hufunga kanga kiunoni, akarudi kwao. Mume humfuata na wazee wake, akae chini, asemwe na kina baba na shangazi mpaka jasho limtoke, atozwe faini, ndipo amchukue mkewe. Mimi mwenyewe nilirudi kwetu mara mbili, na marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema baada ya mara ya pili. Waume wengi wa hapa ni wapole kwa kuwa wanajua njia hiyo iko wazi. Wewe huko njia yako inapita juu ya bahari. Ukilizwa, utakuja kunililia kwa barua, na barua ikifika utakuwa umekwisha kulia peke yako wiki tatu.

Kwa hiyo nina swali moja, la Gaudens mwenyewe. Mzee Vedasto apumzike. Wewe ndiye utakayeliuliza, kama mnavyofanya kazini: ulisome kama nilivyoliandika, usidokeze, usikunje uso, na uniandikie jibu neno kwa neno, hata likiwa baya. Hasa likiwa baya.

Swali ni hili: "Ukimkosea Imelda huko, naye akataka kuondoka, atakimbilia kwa nani?"

Mungu akulinde.
Shangazi Paskazia


Richfield
28 Machi 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, theluji inayeyuka, na viatu vyangu vyote vimekuwa vya tope. Wema, binti wa Mama Wema, amepata zawadi ya kuimba shuleni. Nisalimie wote, na baba.

Nimefanya ulivyoagiza. Gaudens alikuja Jumapili baada ya misa. Nilimkalisha mezani, nikakaa mbele yake na kalamu, nikasoma swali. Kwetu hapa ndege zinapita juu ya paa zikienda kutua, kwa hiyo alipofungua mdomo ikabidi asubiri ndege. Kisha akasema, neno kwa neno: "Atanikimbilia mimi."

Shangazi, moyo ulitaka kumpa mbili pale pale! Lakini nimejifunza kitu katika kazi hii. Kuna majibu matamu yasiyojibu swali. Mwongozo wetu unaruhusu mwulizaji kusema maneno mawili tu, nami nikayasema: "Eleza zaidi."

Alinitazama. Alitazama meza. Ndege nyingine ikapita. Akasema: "Sijui." Nikaandika "Sijui." Akachukua koti lake, akaniaga vizuri, akaondoka. Nilibaki na karatasi yangu, nikalia kama mtoto. Kwetu kazini "sijui" ni sifuri. Haina mjadala.

Wiki nzima hakupiga simu. Jumamosi akapiga Mama Wema. "Wewe Imelda, huyu kijana wako ana nini? Amekuja hapa kwangu asubuhi, hakupiga simu wala nini, amesimama mlangoni na buti zake." Nikamwambia, Mama Wema, ngoja nichukue kalamu. Nikamwomba anipe maneno yake yote kama yalivyotoka. Haya ndiyo aliyosema Gaudens:

"Mama Wema, nimekuja kukuomba uwe kwao Imelda. Tukioana, nami nikamkosea, atakuja hapa. Mfungulie. Mimi nikija nyuma yake, usinifungulie. Hata nikilia. Hata theluji ikinyesha. Mpaka yeye mwenyewe aseme nifunguliwe. Na kabla sijafunguliwa uniite watu wa nyumbani, Watanzania wote wa Burnsville ukitaka, waniseme hapo hapo nje."

Mama Wema akamwambia, "Ingia basi, unaniingizia baridi." Akakataa. Alisema leo anataka azoee kusimama nje.

Wema aliuliza kutoka kwenye kochi, "Mom, is he in trouble?"

Mama Wema akamjibu, "Bado."

Nimelipeleka jibu kazini wakati wa chakula cha mchana. Sikumtajia Jeptoo ni la nani. Nilimtafsiria swali na jibu, kila mmoja akaandika alama yake pembeni bila kumwonesha mwenzake, kama sheria inavyotaka. Unajua Jeptoo hampi mtu mbili ila akibanwa. Tukafunua pamoja. Mbili na mbili. Akasema, "Huyu ni nani? Na kama kuna tatu, niambie nirudi niandike." Ilibidi nikimbilie chooni, nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Hiyo ni alama yetu ya huku. Wewe ndiye msimamizi. Kuhusu majibu ya Mzee Vedasto sina la kusema, na naona wewe nawe huulizi. Nakushukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika.

Nasubiri. Nampenda, na sasa namheshimu pia.

Imelda


Rubya
25 Aprili 2004

Mwanangu Imelda,

Marahaba mara nyingi. Pasaka imekuwa njema. Goti silitaji tena, limekuwa kama jirani mbaya.

Barua yako niliisoma kwa sauti, baba yako akiwa kwenye kiti chake. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa mlango." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena." Nikarudia. Akatazama nje kitambo, akafuta macho kwa mkono kama mtu aliyeingiwa na vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha, vumbi litoke wapi? Kisha akasema, "Waite."

Nikawaita. Wamekuja juzi. Mzee Vedasto aliingia akiwa ametulia kabisa, midomo haitembei. Tulimpa kahawa, tukazungumza mvua na bei. Akangoja. Mwishowe akaniuliza, "Leo mama huna maswali?" Nikamwambia yamekwisha, kijana mwenyewe ameshajibu. Masikini, uso ulimshuka! Kumbe safari hii alikuwa ameyajua kwa mpangilio wowote, mbele, nyuma na katikati, na wenzake wamekuwa wakimwuliza njia nzima tangu Kiziba. Nikamhurumia, nikamwuliza la moto. Alijibu vizuri mno, na watu wakampigia makofi.

Kwa hiyo tumewapa mtoto. Tumekubaliana wote, na baba yako ndiye aliyesema neno la mwisho, nalo lilikuwa "Ndiyo." Harusi mtapanga ninyi huko na padre wenu, ila kwanza mje nyumbani kuagwa, sitaki kusikia habari ya likizo fupi. Kijana wako mwambie nimempa mbili. Na ile "Sijui" yake, mwongozo wenu uupeleke kwa fundi. Mtu anayesema hajui, kisha akaenda wiki nzima kutafuta, huyo ndiye ninayemkabidhi binti.

Mpe Mama Wema salamu zangu. Mwambie kuanzia leo yeye ni shangazi mwenzangu, na nimefurahi kuwa ni Mpare, maana mlango ukishafungwa na Mpare haufunguki kwa machozi. Wewe ukigonga, akufungulie saa yoyote. Akigonga Gaudens, asimfungulie kabla hajaniandikia kuniuliza, na angoje jibu langu lifike kwa posta.

Shangazi yako akupendaye,
Paskazia